Lango la Chini

Jumanne, 1 Machi 1994

Mvua: hakuna. Buibui amejenga ndani ya kopo, nimemwacha.

Marehemu mume wangu alipima mvua kwa kopo la maziwa na rula kwa miaka kumi na tisa. Kila asubuhi alitumbukiza rula, akasoma ni vidole vingapi, akaandika. Alipofariki nikaendelea mimi, mwanzoni kwa huzuni, siku hizi kwa mazoea. Masika haya nimeamua kuandika na mambo ya watu, maana mvua peke yake haichekeshi.

Basi nijitambulishe, ingawa najiandikia mwenyewe. Esteria, mwalimu wa darasa la tatu hapa Kwemzizi, miaka hamsini na mmoja, mwandiko mzuri, ulimi si mzuri sana. Kwa ajili ya huo mwandiko, mikutano yote ya kijiji naandika mimi. Mtendaji wetu akiandika, hata yeye mwenyewe kesho yake hasomi.

Ijumaa, 4 Machi

Mvua: hakuna. Darasani waliofunga wanasinzia kwa saumu. Wasiofunga wanasinzia kwa kuwaunga mkono.

Jumatano, 9 Machi

Mvua: manyunyu, rula haikulowa.

Nimepita uwanjani kuona maandalizi ya fainali. Uwanja wetu uko kwenye tambarare pekee ya kijiji. Upande wa juu ni ngema na barabara, upande wa chini ni bonde lenye nyumba zetu. Mwaka jana tuliuzungushia ukuta wa matofali kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kila kaya ikaleta matofali yake, na ukiutazama vizuri unajua nani alichoma yake sawasawa na nani aliharakisha. Serikali imesema siku hizi tuchangie wenyewe, na kiingilio cha mpira ndicho kitakachoezeka zahanati.

Malango ni mawili: la juu barabarani, na la chini kwenye njia ya kwenda nyumbani. La chini limefungwa tangu Januari, kwa uamuzi wa mkutano, kwa kuwa watu wa vijiji jirani walikuwa wakipenyea hapo bila tiketi. Aliyelifunga ni mdogo wangu Nathanaeli, fundi seremala. Mbao za mkaratusi na misumari ya inchi sita. Nathanaeli hajui kufanya kazi nusu.

Nimemkuta Jafari, mlinzi wa uwanja, anafagia. Nilimfundisha kusoma huyu, na tangu utoto wake ni mtu wa wasiwasi, anayegusa mlango mara mbili kuona kama kweli umefungwa. Sasa ana miaka arobaini na filimbi shingoni.

"Shikamoo Mwalimu. Utakuja Idd pili?"

"Marahaba. Nitakuja, wewe ufagie tu."

Jumatatu, 14 Machi

Mvua: kidole kimoja. Idd. Saumu, mke wa Jafari, ni jirani yangu ng'ambo ya mfereji. Ameniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kawa, kama kila mwaka. Nimekula peke yangu sahani ya watu watatu. Kesho fainali, sisi na Bungu.

Jumanne, 15 Machi

Mvua: kopo limejaa hadi kumwagika. Mvua ya mawe.

Watu kumi na mmoja. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 18 Machi

Mvua: vidole vitatu.

Tumemaliza kuzika. Saba kwa Waislamu, wanne kwetu Walutheri. Tumezika kwa zamu, na wachimbaji walikuwa wale wale wakihama na majembe yao kutoka makaburi haya kwenda yale. Rukia, mkwe wa Mwenyekiti wetu Mzee Ramadhani, ni mmoja wa tuliowazika. Kichanga chake kilibaki nyumbani siku ile kwa sababu kilikuwa na mafua.

Naandika nilichoona, kabla watu hawajanifundisha nilichoona.

Ilikuwa kipindi cha pili, sisi mawili, Bungu moja. Wingu likateremka kutoka juu ya ngema, radi ikapiga, mawe yakaanza kushuka. Watu wakakimbia. Lango la juu lilikuwa wazi. Jafari alikuwa amelizuia kwa mgongo lisijifunge kwa upepo, anapuliza filimbi, anawapungia watu mikono. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na huko ndiko nilikotokea.

Lakini mtu wa Kwemzizi akinyeshewa anakimbilia nyumbani, na nyumbani ni chini. Tangu tuko watoto tumetoka uwanjani kwa njia ya chini. Kila mtu alijua kwamba lango lile limepigiliwa misumari, kwa kuwa kila mtu alikuwepo mkutanoni Januari. Miguu haikuwa mkutanoni. Waliotangulia wakafika kwenye mbao wakasimama. Waliowafuata hawakujua kama mbele wamesimama, na uwanja unainamia huko huko, na tope lilikuwa linateleza. Nilichosikia sitakiandika.

Nathanaeli hakwenda kwenye mpira. Alikuwa karakanani kwake, chini, akasikia. Alipanda na mtaimbo akaanza kubomoa mbao kutoka nje, na mtaimbo ulipomponyoka akatumia mikono. Asingefika tungezika wengi zaidi. Viganja vyake vimefungwa vitambaa na hasemi na mtu yeyote, hata mimi.

Jumatatu, 21 Machi

Mvua: vidole viwili.

Jafari amechukuliwa na askari, yuko mahabusu Lushoto. Wanasema yeye ndiye mwenye malango, na lango lilikuwa limefungwa, basi. Shitaka litakuwa la kuua bila kukusudia. Wakati gari linaondoka watu walijaa barabarani wakipiga kelele, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Fatuma, muuza mapeasi. "Wahusika wawajibishwe! Damu ya watu haiendi hivi hivi!"

Fatuma huyu nilikaa naye benchi moja kwenye mkutano wa Januari.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua: vidole vinne. Barabara ya Mombo imekatika, kabichi zinaozea kwenye malori.

Leo ameniita askari mpelelezi, kwenye ofisi ya kijiji. Kijana mpole, amenipa shikamoo vizuri. Mzee Ramadhani alikuwa amekaa pembeni, kanzu imelowa mpaka magotini.

"Mwalimu, uliwahi kufanyika mkutano wowote kuhusu yale malango?"

Nilimtazama Mwenyekiti. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Mikutano ni mingi," nikasema. "Sikumbuki vizuri."

Mimi! Ninayekumbuka mvua ya Aprili sabini na tisa ilifika kidole gani. Nimeandika hapa ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba sikusema. Nimesema.

Jumamosi, 26 Machi

Mvua: kidole kimoja. Nina aibu, na mafua.

Jumapili, 3 Aprili

Mvua: nusu kopo. Pasaka.

Mchungaji ameombea wafiwa, kisha ameomba Mungu awafichue wahusika. Kanisa zima likaitikia amina iliyotikisa mabati. Ijumaa, naambiwa, msikitini wameomba hivyo hivyo. Sokoni, kwenye redio, kwenye barua za wasomaji gazetini, ni wahusika, wahusika. Vyama vipya navyo vimekuja na bendera zao, vinasema wahusika wako kwenye chama cha zamani, na chama cha zamani kinasema subirini tume ya uchunguzi kutoka mkoani. Nimelifikiria sana neno hili tangu wiki iliyopita. Tunalipenda kwa sababu halina jina la mtu ndani yake. Unaweza kulipigia kelele mchana kutwa na ukarudi nyumbani ukala ugali wako vizuri.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua: nusu kopo na zaidi.

Mzee Ramadhani amekuja nyumbani, peke yake, kwa mguu, na umri wake ule. Nilimheshimu mzee huyu tangu naolewa. Ndiye aliyetutafutia mahali pa kujenga.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba Mwalimu. Pole na mvua."

Akanywa chai, akatazama dari. "Bati lako linavuja."

"Linavuja kidogo."

"Masika haya karatasi nyingi zitaoza." Akaweka kikombe chini. "Hata daftari la mikutano likioza, nani atamlaumu Mwalimu? Ni mvua."

Daftari lilikuwa kwenye debe la unga, hatua mbili kutoka alipokaa.

"Tume inakuja tarehe ishirini," akasema. "Sijaja kukutisha, mwanangu. Sikiliza tu. Nyumba kumi na moja zina msiba. Kila nyumba ina mtu aliyeinua mkono siku ile. Ukiwasomea kwamba ni mikono yao wenyewe, utawazikisha mara ya pili. Jafari ni mmoja. Atafungwa, atatoka. Sisi tutaangalia watoto wake."

"Saumu mnamwangalia sasa?"

Nilimwona kidevu kinacheza, na nilijua anamfikiria Rukia, si Saumu. Nilimkasirikia na nikamwonea huruma kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na lipi. Nilimsindikiza mpaka mferejini kwa sababu njia inateleza.

Ijumaa, 8 Aprili

Mvua: vidole vitatu.

Nimetoa daftari kwenye debe, nikalipangusa unga, nikasoma. Mkutano mkuu wa kijiji, Jumamosi, tarehe 22 Januari. Ajenda ya tatu. Kwa mwandiko wangu mzuri: *Iliamuliwa kwamba lango la chini lifungwe kwa mbao na misumari. Ndugu Nathanaeli atafanya kazi hiyo. Wote waliafiki kwa kauli moja.*

Nikafurahi kwa muda mfupi. Nikasema, hili litamsaidia Jafari, si yeye aliyeamua. Kisha nikasoma tena sentensi ya mwisho, nikaweka kikombe cha chai chini.

Si kweli. Haikuwa kauli moja. Jafari alisimama siku ile. Namwona kabisa, ameshika kofia kwa mikono miwili. Alisema, "Ikinyesha mvua kubwa, watu watatokea wapi?" Watu wakacheka. Jafari wa wasiwasi! Mmoja akasema wasiwasi wake uwekewe paa kabla ya zahanati. Mzee Ramadhani akasema, kwa upole tu, "Kaa chini, mwanangu, usituharibie jambo zuri." Akakaa. Nami nikaandika: wote.

Ndiyo desturi yetu. Aliyesimama akakaa, amekubali. Hakuna anayetaka jina lake libaki kwenye daftari kama mtu wa ubishi, na kuliandika ni kama kumtukana, kwa hiyo mwandishi mwenye adabu huliacha. Nimeandika mikutano ya kijiji hiki miaka kumi na minne na sijawahi kuandika jina hata moja la mtu aliyepinga jambo. Nilidhani ni kwa sababu ya amani yetu. Kumbe ni kalamu yangu.

Kwa hiyo daftari wanaloliogopa wote, nalo ni la uongo. Likisomwa lilivyo, litasema Jafari naye aliafiki. Mtu pekee aliyeuliza swali la maana, nimemfuta kwa adabu.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua: kidole kimoja. Asubuhi Saumu alikuwa mferejini anachota maji. Akanisalimu kwa Kishambaa, "Onga maundo, Mwalimu." Watu watatu walikuwa wanatazama. Nikajifanya ninatafuta kiatu cha mtoto kwenye tope. Sina mtoto wa kuvaa kiatu hicho.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua: vidole vitatu. Hakuna anayenunua mboga za Saumu sokoni. Wanapita, wanabonyeza kabichi ya jirani yake. Amerudi na tenga zima kichwani, kama alivyokwenda nalo.

Jumamosi, 16 Aprili

Mvua: nusu kopo.

Nathanaeli amezungumza. Nilikwenda karakanani kwake na uji. Viganja vimepona vibaya, hawezi kufumba ngumi. Nilimweleza habari ya daftari, na kwamba jina lake limo, na kwamba sijui nifanye nini.

Alikaa juu ya gogo. Kisha akasema, "Dada, ncha nilizipinda."

"Ncha zipi?"

"Za misumari. Ilitokeza upande wa pili, nikaipinda na kuilaza ndani ya mbao, ili mtu asiing'oe. Ndivyo nilivyofundishwa. Fundi wa kweli haachi msumari umesimama." Akajitazama mikono. "Ningeipiga hivi hivi, ovyo, kama fundi mlevi, ingetoka kwa mtaimbo mara moja. Watu wale wangekuwa hai. Naihesabu kila siku ile misumari. Ishirini na minne."

Tulilia sote wawili, mimi kwa sauti, yeye bila. Nikamwambia jina lake naweza kuliruka, nisome *fundi wa kijiji* tu, nani atajua.

"Usiliruke," akasema. "Kila mtu anajua mkono wangu ukoje kwenye mbao. Jina langu lisome. Nimechoka watu kuninyamazia."

Jumatano, 20 Aprili

Mvua: vidole vitatu na nusu.

Tume imekaa darasani kwangu. Watu watatu kutoka mkoani wamebanwa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wao ni mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nje mvua, na madirisha yote yamejaa vichwa, mpaka darasa likawa na giza tukawasha karabai mchana.

Waliotangulia walisema kama walivyopanga. Mtendaji hajui. Fatuma hajui. Mzee Ramadhani alisema malango yalikuwa chini ya mlinzi, na sauti yake haikutetemeka. Halafu wakaniita.

Nikatoa daftari kwenye mkoba. Nilisikia dirishani mtu akivuta pumzi, na mwingine akasema, "Ee Mola." Nikasoma ajenda ya tatu, neno kwa neno, na jina la Nathanaeli. Kisha nikasema, "Mheshimiwa, hapa mwishoni nimeandika uongo." Nikaeleza: Jafari alisimama, aliuliza nini, watu walicheka, akaambiwa akae, akakaa. Nikaeleza pia kwamba tarehe 24 Machi nilimwambia askari kuwa sikumbuki, na kwamba nilikuwa nakumbuka.

Mama akavua miwani. "Kwa nini hukuandika kwamba alipinga?"

"Kwa sababu alikaa."

"Na wewe, Mwalimu, uliafiki lango lifungwe?"

"Niliinua mkono wa kushoto," nikasema. "Wa kulia ulikuwa na kalamu."

Hakuna aliyecheka. Nilipotoka, watu walinifungulia njia pana kuliko inavyohitajika kwa mtu mmoja.

Ijumaa, 22 Aprili

Mvua: vidole viwili. Darasani nina watoto sitini na wawili. Leo wamekuja kumi na tisa.

Jumanne, 26 Aprili

Mvua: kidole kimoja na nusu. Sikukuu ya Muungano.

Watu wale wale waliokuwa wanadai ukweli uwekwe wazi, sasa wanasema Mwalimu amekiuza kijiji. Nimetoa salamu nne njiani, zikarudi na kuniangukia miguuni. Hata watoto, ambao shikamoo kwao ni kama kupumua, wanatazama wazazi wao kwanza. Sikujua kama salamu isiyoitikiwa inauma hivi. Saumu ameishi nayo mwezi mzima, na mmoja wa wasioitikia nilikuwa mimi.

Nilivuka mfereji nikaenda kwake. Nilibeba sahani yake ya Idd, ambayo sikuwa nimeirudisha, nikaweka ndizi ndani yake maana sahani hairudi tupu. Nikamwomba radhi waziwazi. Nikamwambia, siku ile ya kiatu nilikusikia.

"Nilijua umesikia," akasema. "Sikio lako halina kasoro, Mwalimu. Kaa tule."

Jumamosi, 7 Mei

Mvua: vidole viwili. Msaragambo wa palizi umeanza. Leo walilima kwa Fatuma, wakapita shamba langu, wakaendelea na la mbele yake, kana kwamba mahindi yangu ni kaburi. Saa nne Saumu akaja na jembe lake. Akaanza mstari wa kwanza. Baadaye akaja Nathanaeli, analishika jembe kwa vidole viwili na kiganja. Tumemaliza robo tu.

Jumapili, 15 Mei

Mvua: manyunyu.

Upepo umegeuka kidogo. Taarifa ya tume haijatoka, inasemekana iko mezani kwa mkubwa fulani, lakini maneno yake yametangulia kufika. Inasemekana imesema kijiji kizima kinahusika. Basi ghafla kila mtu ana amani. Sokoni leo Fatuma ameniitikia. "Ndiyo dunia, Mwalimu. Sote tulikosea." Mtendaji naye: sote. Mchungaji: sote tu wenye dhambi. Hili nalo ni neno tamu, dada yake wahusika. Nilidhani nilichokuwa nakitaka ni wakubali, na sasa wamekubali, mbona sijaridhika? Nimetafuta ndani ya hilo sote mtu mmoja wa kwenda kumwambia Saumu neno, sijampata.

Alhamisi, 26 Mei

Mvua: hakuna.

Shitaka limeondolewa, Jafari amerudi. Alipanda kwa lori la mbao kutoka mjini, amekonda, shati linamcheza. Hakupokelewa na watu, wala hakutukanwa. Watu walikuwa na kazi nyingi ghafla, ndani ya nyumba.

Alikuja kwangu kabla ya kula. "Shikamoo Mwalimu. Nimesikia. Hongea."

Hongea ni asante ya Kishambaa, na niliona sistahili hata herufi yake moja. Nikamwambia, "Usinishukuru. Nilikuandika kwamba uliafiki, nikakuacha mahabusu mwezi mzima."

Alitazama kopo la mvua pale juu ya nguzo. "Mkutano ujao ni lini?"

"Tarehe kumi na moja."

"Nitakuja," akasema.

Jumamosi, 11 Juni

Mvua: hakuna. Buibui amerudi kwenye kopo. Masika yamekwisha.

Mkutano ulikuwa wa kwanza tangu Januari, uwanjani, kwa kuwa ofisi haitoshi. Lango la chini ni uwazi mtupu siku hizi, na hakuna aliyelipita. Sote tulizunguka kwa juu, hata wazee.

Ajenda ya kwanza ya mkutano wowote ni kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita na kuzithibitisha. Mwandishi anasoma, Mwenyekiti anauliza, "Ni sahihi?", watu wanaitikia "Sahihi!", mwenyekiti anatia saini. Kwa kawaida huo ndio muda wa watu kutafuta mahali pa kukaa. Hakuna anayesikiliza.

Leo walisikiliza. Nilisoma mpaka ajenda ya tatu, nikasoma *wote waliafiki kwa kauli moja*, nikasimama. Nikasema, "Naomba kusahihisha. Ndugu Jafari alisimama akauliza, ikinyesha mvua kubwa watu watatokea wapi. Mwandishi hakuandika. Kosa ni la mwandishi, Esteria." Nikachukua kalamu nikaandika hayo mbele yao, pembezoni mwa ukurasa.

Mzee Ramadhani alikuwa kwenye kiti chake, na mtoto wa Rukia amelala mapajani kwake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa masahihisho hayo, kumbukumbu ni sahihi?"

Watu walikuwa wameshafungua midomo kuitikia wakati Jafari aliposimama. Kofia mikononi, kama Januari.

"Bado," akasema. "Andika pia kwamba nilikaa."

"Jafari," nikasema, "wewe huna—"

"Niliuliza, wakacheka, nikakaa. Nilijua nimeuliza jambo la kweli, lakini niliona haya. Nimekuwa na siku nyingi za kulifikiria hilo, Mwalimu. Andika nilikaa."

Nikaandika. Jafari hakukaa. Alibaki amesimama akimtazama Mwenyekiti, si kwa hasira, kama mtu anayesubiri kupishwa njiani.

Mzee Ramadhani aliinua mtoto taratibu, akampa mtu wa jirani yake, akanyanyuka kwa fimbo. Ilimchukua muda. Miaka yote niliyoandika mikutano sijawahi kumwona akisimama kusema, husemea kwenye kiti.

"Andika, Mwalimu. Aliyemwambia akae ni mimi. Ramadhani. Usiandike Mwenyekiti, andika jina." Akaegemea fimbo. "Na kwenye tume nilisema uongo. Nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia kwa ajili ya Rukia, nikaona mimi mwenyewe ni mzee mno kujichukia."

Kisha Fatuma, akiwa amekaa, uso kwenye khanga: "Mimi nilicheka. Andika Fatuma."

Kisha sauti kutoka nyuma: ile ya paa la zahanati niliisema mimi, andika Sefania. Kisha mwingine, nilicheka. Mwingine, nilicheka. Wengine hawakusema kitu mpaka mwisho, na wachache waliondoka wakinung'unika, sitawapaka mafuta. Nathanaeli alipoinuka alionyesha viganja tu, nami nikaandika jina lake na idadi ya misumari. Saumu alikuwa amekaa upande wa wanawake, anatazama mbele, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta.

Nilijaza pembezoni, nikageuza ukurasa, nikajaza na huo. Hakuna aliyeuliza tena kama ni sahihi. Mzee Ramadhani aliita daftari, akatia saini yake chini ya jina lake mwenyewe, akamkabidhi Jafari kalamu, naye akatia yake. Tulipotawanyika, Jafari alitangulia kupitia lango la chini, na baada ya kusitasita watu wakamfuata.

Nimelifungua daftari hapa nyumbani kulinakili kwa ajili ya wilaya. Nimeshindwa. Mistari inapanda na kushuka, herufi zimegongana, majina mengine yameingiliwa na tone la maji. Ni mara ya kwanza mwandiko wangu kuwa mbaya, na nimeamua kuupeleka hivyo hivyo.